Baada ya Kura: Kelly Clarkson na Mamlaka ya Mwimbaji juu ya Kazi Yake

Hotuba kwa vijana wanaohitimu mafunzo ya muziki, Mjini Unguja

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu na wazee wetu mliohudhuria, na nyinyi vijana ambao leo mnakabidhiwa vyeti vyenu, assalaam alaykum.

Niliombwa nizungumze juu ya mwimbaji mmoja aliyefanikiwa, na nadhani walioniomba walitaraji nimtaje mmojawapo wa mabibi zetu wa taarab. Nimemchagua Mmarekani, Kelly Clarkson, mshindi wa kwanza wa shindano la televisheni la American Idol. Sababu yangu ni kwamba tokea mafunzo haya yaanze nimekuwa nikiwasikia vijana hawa, kila wanapopumzika na kunywa chai, wakiyazungumza mashindano ya kuimba ya televisheni, ya Bara na ya ng'ambo, kana kwamba ndiyo njia pekee iliyobaki ya mtu kusikika. Sikuja kuwakataza. Nimekuja ili tumtazame kwa makini mtu aliyeipita njia hiyo mapema na akafika mbali kuliko takriban wote waliomfuata, tuone alipewa nini siku ile aliyoshinda, na nini alichukuliwa.

Kelly Brianne Clarkson alizaliwa tarehe 24 Aprili 1982 katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, na akakulia katika mji mdogo wa Burleson uliopo jirani. Mama yake alikuwa mwalimu. Alipokuwa na umri wa miaka sita wazazi wake waliachana na watoto watatu wakatawanyika: kaka alikwenda kwa baba, dada akalelewa na jamaa, naye akabaki na mama. Nalitaja jambo hili la ndani ya nyumba ya watu kwa sababu mwenyewe alilifanya wimbo, na wimbo huo una kisa chake nitakachokifikia. Sauti yake iligunduliwa skuli, pale mwalimu wa kwaya alipomsikia akiimba akamtaka ajiunge na wenziwe. Walimu wa sauti waliopo hapa wataniunga mkono nikisema kuwa kwaya humfunza mtu kuvuta pumzi na kumsikiliza aliye pembeni yake kabla haijamfunza kung'ara, na msingi huo kwa Clarkson unasikika hata leo.

Alipomaliza skuli alipata nafasi za kusoma muziki kwa ufadhili, akazikataa, akaenda Los Angeles kutafuta kampuni ya kumrekodi. Hakuipata. Nyumba aliyokuwa amepanga iliungua moto, akarejea Burleson, akawa anafanya kazi za hapa na pale ikiwemo kuhudumia wateja kwenye ukumbi wa vichekesho. Rafiki ndiye aliyemweleza kuwa kuna usaili wa shindano jipya mjini Dallas. Alikuwa na miaka ishirini, na shindano lenyewe halikuwa na jina wala heshima, kwani ndiyo kwanza lilikuwa linaanza Marekani likiwa limenakiliwa kutoka Uingereza.

Tarehe 4 Septemba 2002 alitangazwa mshindi dhidi ya Justin Guarini, mwenziwe wa fainali, kwa asilimia 58 ya kura zilizopigwa kwa simu. Zawadi yake ilikuwa mkataba wa kurekodi wenye thamani ya dola milioni moja. Singo yake ya kwanza, yaani wimbo uliotolewa peke yake, "A Moment Like This", ilipanda katika chati kuu ya Marekani kutoka nafasi ya 52 hadi ya 1 kwa wiki moja, ikaivunja rekodi ya kupanda iliyokuwa ikishikiliwa na The Beatles tangu mwaka 1964.

Hapa naomba tusimame kidogo. Wimbo ule ulikuwa umeshatungwa kabla ya mshindi kujulikana. Fainali ilipofika, wote wawili walikuwa wameshauimba, na aliyeshinda ndiye ambaye toleo lake lingepelekwa madukani. Maneno yale ya furaha ya mtu aliyesubiri siku yake maisha mazima yaliandikwa na watunzi wa kazi kwa ajili ya mshindi yeyote, awe mwanamke au mwanamme, atoke Texas au kwengineko. Kwa hivyo siku ya mwanzo ya kazi yake Clarkson alivishwa nguo iliyoshonwa bila ya kupimwa, na ikatokea kwamba ilimkaa. Wengi waliokuja baada yake haikuwakaa.

Nyinyi mliokulia kwenye taarab mnaijua namna nyengine ya kumpigia mtu kura. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomchoma mtu, utamwona mama amenyanyuka kitini, anakuja polepole akifuata mdundo, noti kaibana baina ya vidole viwili, na kabla ya kumtunza mwimbaji ataipunga mara mbili tatu upande wa yule anayetaka ujumbe umfikie, ili ukumbi mzima ujue fumbo limepelekwa wapi. Noti ile inaingia mkononi mwa mwimbaji palepale, na wiki ijayo itambidi aistahiki upya. Kura ya simu haina sifa hiyo. Anayepiga anadhani anampa mwimbaji kitu, na kweli anampa jina, lakini mapato ya matangazo na ya kipindi yanakwenda kwa wenye kipindi, na mwimbaji anabaki na mkataba ambao masharti yake aliyakubali alipokuwa bado ni mshiriki tu, wakati ambao hakuwa na nguvu ya kubishana hata juu ya alama ya kituo.

Vijana wengi husikia dola milioni moja wakadhani mtu kakabidhiwa mkoba. Desturi ya kampuni za rekodi ni kwamba fedha za mkataba ni kitangulizi, yaani kampuni inamkopesha mwimbaji fungu la mapato yake ya baadaye, kisha gharama za studio, na mara nyingi za video na matangazo pia, zinakatwa humo humo kwenye sehemu yake kabla hajaanza kuona faida. Anayeuza sana hulimaliza deni akaanza kula. Anayeuza kidogo huwa mashuhuri mwenye deni. Hilo halihitaji dhuluma ya mtu yeyote, limeandikwa tu, ukurasa wa tisa au wa kumi, kwa lugha ambayo mwenye miaka ishirini haisomi.

Pamoja na kurekodi, mshindi alikuwa na wajibu mwengine. Mwaka 2003 aliigiza pamoja na Guarini katika filamu ya muziki iliyotengenezwa harakaharaka ili kuvuna umaarufu wao, filamu ambayo mwenyewe amesema waziwazi kuwa hakuitaka na aliifanya kwa kuwa mkataba ulimbana. Ilianguka vibaya, na sina haja ya kuisema zaidi.

Albamu ya kwanza ilifanya vizuri mwaka huohuo wa 2003. Ya pili, Breakaway, iliyotoka Novemba 2004, ndiyo iliyomtoa kwenye kundi la washindi wa televisheni ikamtia kwenye kundi la waimbaji. Iliuza nakala zaidi ya milioni 10 duniani na mwaka 2006 ikampatia tuzo mbili za Grammy. Wengi wanaikumbuka kwa "Since U Been Gone", lakini mimi nataka kuzungumzia "Because of You". Clarkson amesimulia kwamba aliuandika wimbo huo akiwa na miaka kumi na sita, juu ya yale ya wazazi wake niliyoyataja. Aliupeleka kwa kampuni wakati wa albamu ya kwanza, wakaukataa. Wakati wa albamu ya pili aliung'ang'ania, akaufanyia kazi tena pamoja na watunzi wawili, ukatoka, na ukawa miongoni mwa nyimbo zake zilizopendwa zaidi duniani. Usikilizeni anavyouanza: sauti iko chini, karibu na kunong'ona, piano peke yake, na mpaka kiitikio cha kwanza bado hajaitoa nguvu yake yote. Mwimbaji anayetafuta kura huanza kwa kupaza, maana ana dakika mbili tu za kumfikia jaji. Yeye alishaanza kuiacha tabia ya mashindano.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 2007. Baada ya mafanikio yale aliandika albamu ya tatu, My December, akashiriki kutunga kila wimbo uliomo, ikiwa na magitaa mazito na hasira nyingi. Mkuu wa kampuni, Clive Davis, mmoja wa watu wenye jina kubwa kabisa katika biashara ya muziki Marekani, hakuiona kuwa na nyimbo za kushika chati, na mvutano wao ukafika magazetini. Clarkson alikataa kuibadilisha. Albamu ilitoka Juni, iliuza kidogo ukilinganisha na ile iliyotangulia, na ziara ya kiangazi ikafutwa kwa sababu tiketi hazikununuliwa vya kutosha.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara kadhaa kabla ya kuja hapa, na kwa uamuzi wangu si kazi yake bora: nyimbo zinafanana, na sauti yake, ambayo hupendeza ikipewa mahadhi yenye kupanda na kushuka, inazidiwa na kelele za vyombo. Davis alikuwa na hoja. Lakini hoja ya Davis haiifuti hoja ya Clarkson. Sisi watu wa taarab hatuna tabu na mwimbaji asiyetunga; mshairi huandika, mwengine hutia mahadhi, na mwimbaji huufikisha, na hakuna aliyewahi kumvunjia heshima mwimbaji wa vikundi vyetu vya Ikhwani Safaa au Culture kwa kuwa maneno si yake. Mas-ala ya mwaka 2007 hayakuwa nani anatunga. Yalikuwa nani anaamua kipi kitoke kwa jina la mwimbaji, na yeye alichagua kupata hasara kwa uamuzi wake kuliko kupata faida kwa uamuzi wa mwengine. Mtu wa miaka ishirini na tano aliyetengenezwa na televisheni, kila siku akiambiwa kuwa asingekuwa kitu bila ya wale waliomtoa, kufanya hivyo kunahitaji moyo.

Mwaka 2009 alirudi na wimbo uliopanda kutoka nafasi ya 97 hadi ya 1 kwa wiki moja, na watu wakasema amekubali yaishe. Mimi nauona mwaka huo kwa jicho jengine, kwa sababu ndani yake alishindwa jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Mtunzi Ryan Tedder alimpa wimbo "Already Gone", na kumbe muziki wake ulikaribiana sana na ule aliompa Beyoncé katika "Halo". Clarkson alipogundua aliiomba kampuni isiutoe kuwa singo, kwani watu wangesema kamwibia mwenzake. Kampuni ikautoa. (Hapa Unguja pengine tusingelipigia kelele jambo hilo, sisi ambao wazee wetu walichukua mahadhi ya filamu za Kihindi na ya nyimbo za Misri wakayatia maneno ya Kiswahili na watu wakacheza bila ya kuuliza. Lakini mzee aliyechukua alijua anachukua. Yeye alitiwa humo bila ya kujua.) Mauzo yalikuwa yamerudi, na bado kauli ya mwisho haikuwa yake.

Kauli hiyo aliipata kwa kusubiri. Alizitoa albamu zote alizokuwa akidaiwa, ikiwemo Stronger ya 2011 iliyompatia Grammy ya tatu, na ya Krismasi ya 2013, mpaka Piece by Piece ya 2015 ilipoufikisha mwisho mkataba uliotokana na ushindi wa 2002. Miaka kumi na tatu. Mwaka uliofuata alihamia kampuni ya Atlantic, na albamu ya 2017 aliyoitoa huko, Meaning of Life, ina pumzi ya muziki wa watu weusi wa Marekani aliokuwa akiupenda tokea utotoni na ambao katika usaili wa Dallas aliuonesha kwa kuimba wimbo unaofahamika kwa sauti ya Etta James. Ukiziweka pamoja sauti ya usaili ule na ya albamu hii utaona kwamba alichokuwa nacho mwanzo ndicho alichokirudia, baada ya kuzunguka sana.

Kuna upande mwengine wa mikataba ambao haukuhusu kampuni ya rekodi, na huu nauzungumza kwa uangalifu, kwa kuwa mmoja wa wahusika, Brandon Blackstock, alifariki Agosti 2025, na marehemu huwa tunamsema kwa wema. Alikuwa meneja wake, na kuanzia 2013 mume wake. Ndoa ilipovunjika, kampuni ya umeneja ya familia ya mume ilimshitaki mwaka 2020 ikidai kamisheni ambazo haijalipwa. Naye alikwenda kwa Kamishna wa Kazi wa jimbo la California, ambako sheria inasema kwamba kumtafutia msanii kazi ni shughuli ya wakala mwenye leseni, na meneja asiye na leseni hiyo hana ruhusa ya kuifanya. Mwaka 2023 kamishna aliona kuwa baadhi ya kazi zake kubwa, ikiwemo ya televisheni, zilikuwa zimetafutwa kinyume cha sheria hiyo, akaamuru kamisheni zake zirejeshwe, jumla ya zaidi ya dola milioni 2.6. Mambo ya baina yao yalimalizwa baadaye na wenyewe.

Simtaji marehemu kwa kumlaumu, na huenda alifanya yale ambayo mameneja wote waliomzunguka walikuwa wakiyafanya. Nalitaja kwa sababu ya nyinyi. Meneja wa kijana wa hapa kwetu huwa ni kaka, mjomba, au rafiki mwenye gari, na hakuna kinachoandikwa, kwani kuandikiana na mtu wa nyumbani tunakuona ni kumtuhumu. Siku ya kugombana hakuna karatasi, kuna kumbukumbu tu za watu wawili wenye hasira.

Nikirudi kwenye muziki wenyewe, mwaka 2018 alianza kuwa kocha katika shindano jengine la televisheni, The Voice, na waimbaji wake wakashinda mara nne. Hakuna kati yao aliyefika alikofika yeye, na kwa upande mwengine Jennifer Hudson, aliyetolewa mapema katika American Idol ya 2004, alipata Oscar mwaka 2007. Anayetaka kujua shindano lina uwezo gani wa kumtambua mwimbaji na aanzie hapo.

Septemba 2019 alianza kipindi chake cha televisheni cha mazungumzo ya mchana, na kila kipindi hukifungua kwa kuimba wimbo wa mtu mwengine pamoja na bendi yake. Nawahimiza muitazame sehemu hiyo hata kama mazungumzo hamna haja nayo. Leo anaimba wimbo wa mashambani wa Texas, kesho wa roki, keshokutwa wa kanisani, na kila mara unamwona akitafuta mahali pake ndani ya wimbo: anashusha ufunguo wa sauti kidogo, anakata neno ambalo mwenyewe alilivuta, anaiacha noti ya juu ambayo kila mtu anaisubiri kisha anaileta mstari unaofuata. Hii ni kazi ya kila siku, mbele ya kamera, ya mtu ambaye angeweza kukaa akala mirabaha. Mwanafunzi wa sauti atakayeangalia vipande ishirini vya namna hii na daftari mkononi atakuwa amepata somo zuri.

Mlinganisheni na Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab: alitoka Fumba, na mwaka 1928 alivuka bahari na wenziwe kwenda Bombay kurekodi santuri. Hakupigiwa kura na mtu. Sauti yake ilishashinda majumbani na kwenye baraza za mji huu kabla ya kampuni ya kigeni kumfuata, kwa hivyo alipokwenda alikwenda na wapigaji wake, lugha yake na nyimbo ambazo watu walishazijua. Clarkson alikwenda mikono mitupu, na vitu hivyo, bendi, nyimbo na njia ya kuimba, ilimbidi avijenge akiwa tayari ni mashuhuri, wakati ambao kukosea ni kukosea mbele ya nchi nzima. Kati ya njia hizo mbili, vijana wa leo mnazo zote, na sioni sababu ya kuikimbilia ya pili kabla ya kuitumia ya kwanza, maana kumbi zetu zipo, harusi zipo, vikundi vipo, na kila Februari jukwaa la Sauti za Busara lipo Ngome Kongwe.

Atakayekwenda kwenye usaili wa televisheni hata hivyo, na nawajua wawili watatu hapa mbele wameshaamua, aende na baraka zetu, ila kabla ya kutia saini aichukue karatasi ile akae nayo usiku mmoja, aisome na wakili, na aulize mambo haya: mkataba unamfunga kwa albamu ngapi, nani anachagua singo, gharama zipi zinakatwa kwenye sehemu yake, na nyimbo alizozitunga kabla ya shindano zinabaki kwa nani. Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na tunayo ofisi ya COSOZA ambako mtunzi anaweza kusajili kazi yake. Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu kwako ni kwamba mafunzo ya awamu ijayo yapatiwe mwanasheria wa kuwafundisha vijana kusoma mkataba kama wanavyofundishwa kusoma noti, na kwamba vielelezo vya mikataba viandikwe kwa Kiswahili. Walimu wa mafunzo haya wameniahidi kuwa watatenga saa zake katika ratiba pindi mwanasheria atakapopatikana.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.